Kanda Niliyosema Ni Yangu

Mwanangu Tima,

Wewe na Nyanya mmetoka kwenda kuaga. Nimewasikia mkibishana mlangoni juu ya nyumba ya kuanzia, Nyanya akisema kwanza kwa Bi Mwanaidi kwa sababu ni mgonjwa, nawe ukisema Bi Mwanaidi akishaanza dua zake jua litakuchwa mkiwa palepale. Kwa hiyo nina muda. Nimelikalia sanduku lako kwa kuwa halikubali kufungika pasipo mtu juu yake, na daftari liko mapajani.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Nyanya ameshakwambia kuhusu mafuta ya nazi, soksi, baridi ya Nairobi na watu wa kutowaamkia, na kesho stesheni atayarudia yote tangu mwanzo. Mimi nina jambo moja tu, nalo sikuweza kukwambia kwa mdomo. Unanijua. Nikitumwa dukani nikakuta wanaume wamejaa barazani, huzunguka kwa njia ya nyuma hata kama mkate utaisha. Watu huisifu haya yangu. "Saumu ana adabu," wanasema. Ukimaliza barua hii huenda usiisifu tena.

Nakuita mwanangu na nina miaka kumi na minane, wewe kumi na miwili. Mtu wa mbali angecheka. Lakini kwetu mtoto wa dada ni mtoto, na mimi ni mama yako mdogo tangu siku uliyozaliwa, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa bado nang'oka meno ya utotoni. Uliletwa nyumba hii ukiwa na miaka sita, siku ya tatu baada ya kumzika mamako, dada yangu Zuhura. Nyanya alikuwa chumbani amezungukwa na wanawake, hawezi hata kuinua kichwa. Mtu mmoja akakushika mkono, akautia katika mkono wangu, akasema, "Haya, mama mdogo, mtoto wako huyo." Alikuwa anatafuta tu mahali pa kukuweka ili akapakue wali. Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo.

Unakumbuka mkutano wa wazazi, ulipokuwa darasa la pili? Magoti ya Nyanya yalikataa ngazi, nikaenda mimi, na sare yangu ya shule na mkoba mgongoni. Mwalimu akauliza, "Wewe umefuata nini hapa?"

Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya Tima."

"Mzazi wake yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Darasa zima la wazazi lilicheka, na mzee mmoja akanisogezea kiti, akasema, "Karibu, mama, keti nasi wazee wenzio." Tangu siku hiyo mtaa mzima wa Kibokoni ukaniita Mama Tima. Wao walitania, nami moyoni nilifurahi mno. Nakwambia haya ujue kwamba nililolitenda sikulitenda kwa kutokupenda. Ila sasa najua kwamba kumpenda mtu hakumzuii mtu kumdhulumu.

Juzi ulikuwa dirishani unazungumza na rafiki yako Aziza aliye chini, nami nakunja nguo zako nyuma ya pazia. Nilikusikia ukimwambia, "Nikifika sitampa mkono. Miaka yote hii hakuja hata mara moja. Leo ndiyo kakumbuka ana mtoto?" Aziza akasema, "Huenda alikuwa na kazi nyingi." Ukamjibu, "Kazi gani isiyo na Ijumaa?"

Alikuja, Tima. Babako alikuja. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Ulikuwa na miaka tisa. Unajua kwamba wakati wa matanga ya mamako yeye na Nyanya walitupiana maneno kuhusu ni nani atakayekulea, na Nyanya akamwambia asikanyage tena kizingiti chetu. Miaka mitatu hakukanyaga. Halafu siku moja, Jumatano, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Nyanya alikuwa matangani mtaa wa Kuze. Wewe ulikuwa chuoni kwa mwalimu wako wa Kurani. Nilifungua upenyo wa kutosha jicho moja.

"Mama yuko?"

"Hayuko."

"Na Tima?"

"Chuoni."

"Mashallah, Saumu, umekuwa mrefu. Shemeji yako sasa atakuangalia kwa ngazi."

Alikuwa na ovaroli yake ya bandarini Kilindini, ile ya fundi wa kreni, na mikono ameiosha lakini mafuta yamebaki kwenye kucha. Hakusogea kuingia. Alisema nyumba ni ya Nyanya na katazo la Nyanya analiheshimu. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa nailoni, akanipitishia kwenye upenyo. Ilikuwa kanda, kaseti ya zamani katika kasha lake.

"Mpe Tima," akasema. "Hii niliinunua nikiwa kijana, hata mamake sijamjua. Tulikuwa tukiisikiliza nyumba nzima, na Tima yumo tumboni. Ule wimbo wa pili wa upande wa pili, Zuhura alikuwa akiusikia unaanza hupunguza moto wa karai, mafuta yasije yakaushinda kelele."

Nikasema, "Ehe."

"Jumamosi, baada ya alasiri, nitakuwa uwanjani Makadara, karibu na bembea. Mlete, Saumu. Dakika tano. Wiki ijayo nahamia Nairobi, kazi imetuhamisha. Lakini mtoto halazimishwi. Mwambie nipo. Asipokuja nitajua hataki, na sitamsumbua tena. Umesikia?"

"Ehe."

Hayo ndiyo maneno yangu yote siku ile. Akashuka ngazi za baraza, akaenda zake.

Ulirudi chuoni ukiwa na njaa. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno kichwani. Ukala, ukaja na kitana, ukakaa chini na kuniegemezea kichwa magotini nikusuke, na kabla sijafika nusu ya kichwa ukalala. Nikafikiri: nikimwambia, atakwenda Makadara. Akienda, atamwona babake. Akimwona babake, kwa nini arudi kwangu? Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na katika nyumba hii wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kutokwa jasho viganjani. Nikajisemea nitamwambia kesho.

Jioni ile, Nyanya alipokwenda kulala mapema na uchovu wa matanga, niliichukua redio ya marehemu babangu, ile ambayo Nyanya huitumia kwa kanda zake za mawaidha, nikaitia ile kanda. Sauti niliiweka chini kabisa, nikabandika sikio kwenye redio na kujifunika kanga. Nilitaka tu kujua ni kitu gani hicho ambacho dada yangu alikipunguzia moto.

Kanda unaijua. Unaijua kuliko nyimbo za shule. Lakini sijapata kukwambia ilivyonifanyia mara ya kwanza. Kwanza kuna ule mkwaruzo, mtu anaunga waya wa gitaa. Kisha mtu anakohoa. Kisha gitaa linaingia kwa kishindo, nami nikairuka redio kama iliyoniuma, nikadhani nyumba yote imeamka. Nikarudi. Yule kijana anaimba ubeti wa kwanza kwa ndani, kama mtu aliyewapa watu mgongo, maneno yanamwishia midomoni. Nikajua hapohapo: huyu ana haya. Huyu ni mimi. Halafu kinafika kiitikio na yuleyule mwenye haya anapiga ukelele wa kupasua koo. Sikuwa najua kwamba jambo hilo linawezekana, kwamba mtu anaweza kuwa na haya na akasema vilevile. Kiingereza chao nilikifahamu nusu. Nusu ya pili niliitafuta katika kamusi ya shule kwa miezi. Waliimba juu ya chumba ambacho hakuna anayekibishia hodi, na kijana asiyejua aanze vipi kuzungumza na babake. Hao ni watu wa mbali, wa bara jingine, na walirekodi kabla sijazaliwa. Wala hawakujua kuna Kibokoni. Lakini kile chumba ni hiki.

Alhamisi ilipofika nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza ulikuwa wewe. Ya pili, naona aibu kuiandika, ilikuwa kanda. Ningekupa ujumbe ningelazimika kukupa na kanda.

Jumamosi nilikwenda Makadara peke yangu. Sijui kwa nini. Nilivaa buibui na kujifunga uso, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipita mbele ya wanaume bila kuona haya, kwa kuwa hakuna aliyejua ni mimi. Babako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na mfuko wa karatasi wenye vitumbua, mafuta yameanza kupenya. Kila mtoto wa kike aliyetokea upande wa mjini alimtazama mpaka akamfikia, kisha akatazama kwingine. Nilipita mbele yake. Nilizunguka nikapita tena. Mara ya pili aliniambia, "Dada, samahani, saa ngapi?" Nilimwonyesha kwa vidole, kwa sababu angeijua sauti yangu.

Alingoja mpaka adhana ya magharibi. Akawaita watoto waliokuwa kwenye bembea akawagawia vile vitumbua, akajifuta mikono, akaenda. Nami nikarudi nyumbani nikakukuta unaruka kamba, ukaniuliza, "Ulikuwa wapi, Mama mdogo?" Nikasema, "Nilikwenda kununua uzi." Uzi wenyewe sikuwa nao, wala hukuuliza.

Wiki moja baadaye uliikuta kanda chini ya godoro. "Hii kanda ya nani?" uliniuliza. Nilikujibu neno moja.

"Yangu."

Kwa miaka mitatu tumeisikiliza kanda ile pamoja. Umeichezea juu ya kitanda mpaka chaga zikavunjika. Mara ngapi umelala katikati ya ule wimbo wa pili wa upande wa pili, na mimi nakutazama na kujua ni wa nani? Nyanya naye alituzoea. Siku ya kwanza aliyotufuma alisimama mlangoni na ufagio. "Hao wanaimba au wanaumwa na jino?" akauliza. Wewe ukaanguka kwa kicheko. Lakini unakumbuka alivyokuwa akichambua mchele, ukapigwa ule wimbo wa mwisho, ule wa gitaa moja na sauti inayokatika? Aliacha kuchambua. "Huyu sasa analia kweli," akasema. "Kafiwa? Mwacheni amalize." Na alipouliza kanda imetoka wapi, nilimwambia ni ya rafiki yangu wa shule. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshajenga, huo wa pili ulikuja kupanga chumba tu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kanda ile haichakai. Nyimbo za simu ambazo wenzangu walizipenda tukiwa kidato cha pili, tulipofika cha tatu walizionea aibu. Hii niliisikiliza nikiwa na miaka kumi na mitano nikadhani ni ya watu wenye hasira. Nikiwa na kumi na sita nikadhani ni ya watu wenye upweke. Mwaka jana, usiku na mchana nikisoma kwa ajili ya mtihani, nilisikia ndani yake kichekesho ambacho sikuwa nimekisikia kamwe. Kanda ni ileile, utepe ni uleule, ila kila mwaka ilinikuta mahali pengine.

Mtu aliyenifungua macho ni Kadzo. Hujapata kumwona. Nilipomaliza shule nilianza yale masomo ya kompyuta Buxton, na siku ya pili msichana mmoja wa kule chuo kikuu, Mgiriama, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akaja kukaa kando yangu. Alikuwa amevaa fulana yenye picha ileile iliyo kwenye kasha la kanda. Tima, mimi nilizungumza. Nilimwambia mtu nisiyemjua, bila kuulizwa, "Naijua hiyo."

Akanitazama, buibui mpaka kichwani. "We Mswahili wa Kibokoni, unawajua hawa?"

"Kwani gitaa lina mtaa?"

Akacheka mpaka mwalimu akatugeukia. Baada ya kipindi hatukunyamaza. Alizijua albamu zao zote. Aliniambia zilizofuata zimepigwa vizuri zaidi, vyombo vya ghali, kila kitu kimekaa mahali pake, na bado watu huirudia hii ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Umewahi kusikia wimbo wa nne, pale mpiga ngoma anapoingia mapema?"

Nani asiyepajua? Ndipo unapopapenda kuliko pote. Anaingia kabla ya wakati, anasimama, mtu anacheka kwa mbali, kisha wanaendelea kana kwamba hakuna kitu.

"Wangeweza kulifuta lile kosa," Kadzo akasema. "Wakaliacha. Walikuwa hawajajifunza kujificha. Albamu ya kwanza ndiyo pekee ambayo mtu huitengeneza kabla hajajua watu watamwona."

Nikamuuliza aliipata wapi. Akasema kama jambo dogo kabisa, huku akifunga mkoba: "Babangu alinipa. Aliniambia, nikifa usigombanie shamba, chukua hii."

Nilitembea kwa miguu kutoka Buxton mpaka nyumbani. Sikuona barabara. Babangu alinipa. Ungekuwa na maneno hayo mawili, Tima, uyaseme kwa mtu yeyote, huku unafunga mkoba. Mimi niliyachukua nikayaweka chini ya godoro langu.

Jioni ile nilimwambia Nyanya. Nilisimama mbele yake nikashindwa kuanza, nikaiweka kanda kwenye mkeka wake wa kusalia, nikasema, "Mama, hii ni ya shemeji Kombo. Alimletea Tima." Kisha yote yakatoka, Makadara, vitumbua, uzi. Nyanya hakunipiga wala hakupandisha sauti, na ningependa angefanya kimojawapo. Aliuliza tu, "Alingoja mpaka magharibi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa napika nini siku ile?"

"Sikumbuki, Mama."

"Wala mimi sikumbuki," akasema. "Nilimkataza mlango nikadhani nakulinda wewe na huyo mtoto. Sikukufundisha kusema uongo, Saumu, lakini nilikufundisha kuogopa kusema." Kisha akavaa buibui lake, na magoti yale unayoyajua, tukaenda wote wawili mpaka nyumba ya karani mmoja anayefanya kazi na mawakala wa forodha, aliyekuwa rafiki wa babako tangu Kilindini, tukamwomba namba. Sasa unajua safari yako imetoka wapi. Babako hakukumbuka ghafla kwamba ana mtoto. Aliambiwa kwamba mtoto wake hakuwahi kumkataa.

Nyanya alitaka akwambie yeye. Nilimwomba aniachie mimi. Hiyo ni wiki tano sasa. Wiki tano nimekuja kitandani kwako kila siku na neno mdomoni, nikaishia kuuliza kama umepiga mswaki.

Ningependa kukuandikia kwamba nawe ulikuwa albamu yangu ya kwanza, kwamba nilikulea kabla sijajua kulea, na makosa yangu yana uzuri wake. Nilifikiri hivyo jana na nikajipenda sana kwa dakika kumi. Si kweli. Wale vijana walikosea wakaliacha kosa lao pale, kila mtu alisikie. Mimi nilikosea nikalifunika, na kila siku niliyolifunika ilizaa kosa jingine. Kanda yenyewe ina ushahidi. Katika wimbo wa saba pana mruko, sauti inakatika kisha inarukia mbele. Ulidhani wimbo uko hivyo. Hauko hivyo. Redio ilikula utepe, nami nikaukata na kuuunganisha kwa gundi ya karatasi usiku uleule, ili usijue. Maneno mawili matatu yamepotea pale na siwezi kuyarudisha. Kadzo alinisikilizisha wimbo mzima kwenye simu yake. Yale maneno ni mazuri. Tafuta uyasikie.

Ninachojua kuhusu maisha ni kidogo, na sehemu kubwa ya hicho kidogo nimekijua kwa kukuumiza. Nimejua kwamba kunyamaza si sawa na kutofanya kitu. Siku ile mlangoni sikusema neno baya hata moja, nilisema "ehe" mara mbili, na kwa "ehe" hizo mtu alipoteza mtoto miaka mitatu. Nimejua pia kwamba hofu ya kuachwa haimfungi mtu kwako. Ningekupeleka Makadara siku ile, ungekula kitumbua, ungerudi nami, na ungekuwa na baba na mama mdogo. Kwa kuogopa kukugawa, nimefanya kesho uondoke ukiwa na hasira na mtu asiyestahili hata kidogo.

Ndiyo maana ninaandika. Hasira zako ni za haki, Tima, ila anayezistahili ni mimi. Usimtwike babako. Atakuwa stesheni ya Nairobi, atakuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na hatajua asimame vipi. Ukimnyima mkono, atadhani safari hii jibu la Makadara ni lako kweli. Hatasema kitu. Atakuchukulia sanduku tu. Yeye na mimi, katika jambo hilo, tunafanana.

Na leo, mkirudi, utakuja kunitaka radhi kama msafiri anavyowataka radhi wazazi wake. Nyanya amekufundisha maneno, nimewasikia mkiyarudia jikoni. Nakuomba usije kabla ya kusoma. Barua nitaiweka juu ya mto wako, na kanda juu ya barua. Radhi yangu unayo, kamili, hata usipokanyaga mlango wangu. Mimi ndiye ninayetaka yako. Sijui kama katika mila zetu mama humtaka mtoto wake radhi, sijapata kuona. Ukiona huwezi leo, usinipe. Usinipe kwa sababu ya safari, wala kwa sababu Nyanya anatazama. Nipe siku utakayoipata, au usinipe, nami nitabaki mama yako mdogo vilevile, sina pa kuhamia.

Jambo la mwisho. Mchana, ulipokuwa unaoga, nilimpigia babako simu. Mimi, ambaye simu ya mwenye mkate humpa Nyanya apokee. Nilimwambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba siku ile hukujua, na kwamba mwanamke aliyemwonyesha saa kwa vidole alikuwa mimi. Hakuniuliza kwa nini. Alianza kuuliza mambo yako, moja juu ya jingine, kama mtu aliyeyapanga foleni kwa miaka: Bado anapenda ukoko wa wali? Bado akicheka hushika tumbo? Ana urefu gani, amenifika begani? Anaogopa lifti? Huwa ananitaja? Ananitaja kwa jina gani?

La ukoko nilimjibu. Nilimwambia unaukwangua mpaka sufuria inalia.

Mengine nilimwambia siyajui. Nayajua yote, mwanangu. Lakini nimewahi kushika kinywani maneno yaliyokuwa yako, na sitaki kushika tena. Atakuuliza mwenyewe kesho. Mjibu.

Mama yako mdogo,
Saumu